Nusu ya Joho

Oktoba 9

Nimerudi nyumbani kabla ya muhula kwisha. Visima vya shule vimeingia chumvi na tangi la bweni limebaki na utelezi wa kijani chini, basi masista wakatupakia melini, kila mmoja kisiwani kwao. Wenzangu walilia wakikumbatiana gatini. Mimi nilikuwa nafikiria jambo moja tu, kwamba hadi Februari hakuna atakayeniambia nisimame nisome kwa sauti.

Kisima chetu nacho kimeharibika. Chai inanyweka ukizidisha asali inayochemshwa kwa tembo la mnazi.

Oktoba 10

Hakuna mvua. Pepo za magharibi zilitakiwa ziwe zimeanza.

Oktoba 12

Leo amekuja Ioteba, katekista wetu, kisu cha kugemea kikiwa bado kiunoni. Nilikuwa nimekaa palepale nikimenya shelisheli, lakini alizungumza na Baba kana kwamba mimi niko mbali, kisiwani Tarawa. Alianza na maneno ambayo kwetu mtu mwenye shida huanza nayo: nina bubuti. Ni ombi, lakini si ombi la dukani. Mtu wa kwenu akishalitamka, jibu limekwisha kujulikana. Kumnyima ni kujitangaza kwamba huna ukoo. Baba akasema ndiyo kabla hajasikia kinachoombwa, kwa kuwa alidhani ni nyavu.

Kilichoombwa ni mimi. Mke wa Ioteba, ambaye ndiye mwalimu wa dini wa watoto wadogo, amekwenda kutibiwa macho. Ioteba anataka niwafundishe Jumatano na Jumamosi habari za watakatifu na fadhila zao, kwa sababu nimesoma kwa masista na nina zile kadi za picha. Habari za kadi amezipata kwa Mama.

Nilitaka kukataa. Nikaendelea kumenya.

Niandike hapa jambo ambalo siwezi kulisema. Mimi sijawahi kumwomba mtu kitu. Shuleni sabuni yangu ilipokwisha nilifua kwa maji matupu hadi mwisho wa mwezi, na msichana wa kitanda cha pili alikuwa binamu yangu, mwenye miche miwili sandukuni. Watu husema nina kiburi. Si kiburi. Maneno yakifika kooni yanakaa chini.

Oktoba 16

Somo la kwanza. Tulikaa pembeni mwa maneaba, jumba la kijiji, upande wenye kivuli. Yumo Bauro, mjukuu wa Ioteba, asiye na meno ya mbele na asiyejua kunyamaza. Yumo pia Tinai, mdogo wangu wa miaka sita. Nyumbani huniita Teretia, tena kwa kunikaripia, lakini leo ameamua kuniita mwalimu bila hata kutabasamu.

Kadi nilipewa na sista wa maktaba. Mbele kuna picha ya mtakatifu, nyuma kuna habari zake na fadhila yake kwa Kiingereza. Nimegundua kwamba kwa Kiingereza aibu yangu hupungua, kama vile anayesema ni mtu mwingine. Kwa hiyo nilisoma kwanza Kiingereza, ambacho watoto hawakielewi, nikapata pumzi, ndipo nikasema kwa lugha yetu.

Nilianza na Antoni, aliyekaa peke yake jangwani kwa ajili ya sala. Wakamhurumia. Bauro akataka kujua ukoo wake ulimfukuza kwa kosa gani. Nikaenda kwa Simeoni, aliyeishi juu ya nguzo miaka mingi. Fadhila yake ni uvumilivu. Bauro akasema huyo alikuwa mgema aliyesahau kushuka. Walicheka mpaka mmoja akajikojolea. Nami nilicheka.

Oktoba 20

Meli imetia nanga nje ya mwamba. Shangazi Teewata, dada mkubwa wa Baba, ameshuka kwenye mashua na mikungu ya ndizi na kicheko chake. Ameolewa Butaritari, kaskazini, ambako mvua hunyesha hadi watu huilalamikia. Mume wake yupo, watoto hawakujaliwa. Atakaa nasi mpaka meli ya Desemba. Ana jino la dhahabu, na sauti yake inasikika upande wa bahari kuu na upande wa bahari ya ndani kwa wakati mmoja.

Alionja maji ya kisima chetu akayatema. Akamshika Tinai kidevu, akamwuliza Mama kama haya ndiyo tunayompa mtoto. Mama akajibu kwamba tunayachemsha.

"Chumvi haiondoki kwa kuchemshwa, wifi," Shangazi akasema.

Mama hakujibu. Mama anafanana na mimi, au mimi nafanana naye.

Oktoba 22

Shangazi anaomba vitu kama mtu anayeokota kuni njiani. Jana mkeka mpya wa Mama. Leo kisu cha jirani na kuku wa Ioteba. Anaomba huku anacheka, watu wanatoa huku wanacheka. Simpendi.

Oktoba 23

Mtakatifu Martino. Katika kadi yuko juu ya farasi, kavaa joho jekundu, na chini yake kuna maskini karibu uchi penye theluji. Ilibidi nieleze joho, nikasema ni kama shuka zito la kujifunika. Theluji ilinishinda, nikasema ni baridi inayoonekana. Farasi hakuhitaji maelezo, wamemwona kwenye sinema za shuleni.

Basi, nikawaambia, askari huyu alimwona maskini langoni mwa mji, akachomoa upanga, akalikata joho lake katikati, nusu akampa. Fadhila yake ni ukarimu.

Wakaikodolea macho kadi. Nilidhani wameguswa. Kisha Tinai akainua mkono.

"Mwalimu, mbona alitoa nusu?"

Nikasema, ili wote wawili wapate kujifunika.

"Lakini nusu haimtoshi mtu. Sasa wote wawili watasikia baridi."

Wenzake wakaunga mkono. Mmoja alisema mama yake akiombwa shuka hutoa shuka, hatoi kitambaa cha kupangusia. Bauro akauliza kama maskini yule alikuwa wa ukoo wa askari. Nikasema hapana. Akauliza basi aliomba kwa maneno gani. Nikasoma tena nyuma ya kadi. Hapakuandikwa popote kwamba aliomba.

"Kama hakuomba," Bauro akasema, "askari alijuaje kwamba anataka?"

Nikawaambia nitajibu siku nyingine, tukasali, wakaenda kuoga baharini. Nimeitazama ile kadi jioni nzima. Sijawahi kuiona jinsi wanavyoiona wao. Sista alipotufundisha habari hii bweni zima lilikubali kwamba nusu ni nyingi, na mimi pia nilikubali.

Oktoba 27

Wingu, kisha hakuna wingu.

Novemba 1

Watakatifu Wote. Ioteba ametangaza baada ya ibada kwamba siku ya Martino watoto wataigiza mbele ya kijiji. Hakuniuliza.

Novemba 5

Mazoezi. Tinai ndiye Martino kwa sababu ana sauti. Bauro ni farasi kwa sababu alikataa kuwa kitu kingine. Joho ni kitambaa chekundu cha Mama, kile alichovaa siku ya harusi, na upanga ni jani la mnazi. Ikifika pahali pa kukata, Tinai hakati. Anakivua kitambaa chote, anampa maskini na kusema, "Usichukue nusu, chukua yote."

Nilimwambia habari ya kweli si hivyo. Akaniambia habari ya kweli ni mbaya. Mama zao walikuwa wamekaa karibu wakisuka, wakamcheka, wakasema mtoto ana akili. Mimi ndiye mwalimu na ningeweza kusimama imara. Nilisema haya, fanya hivyo.

Novemba 8

Tinai anaharisha kidogo. Ni maji ya kisima. Shangazi amempa maji ya dafu na kumwimbia kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

Novemba 11

Niandike kwa utaratibu.

Watu walijaa maneaba, wazee kila mmoja penye nguzo ya ukoo wake. Palikuwa na samaki, magimbi ya shimoni na kuku wa Ioteba, ambaye Shangazi alimwomba ili amtoe kwa karamu. Nilisimama nyuma ya nguzo na kadi mkononi. Nilisoma habari kwa Kiingereza kwanza, wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, kisha kwa lugha yetu. Sauti ilitoka. Haikuwa kubwa, lakini ilitoka.

Farasi akaingia kwa miguu minne akila majani ya ukili. Watu wakaangua kicheko. Martino juu yake, na kitambaa chekundu kinaburuta. Maskini akatetemeka vizuri sana. Tinai akashuka, akatupa upanga, akavua joho, akalifungua lote kwa mikono miwili ili kila mtu alione.

"Usichukue nusu. Chukua yote."

Maneaba ililipuka. Wanawake walisimama wakacheza, mmoja akampaka Tinai poda shingoni, ndivyo tunavyompongeza mchezaji. Nilikuwa na furaha; nakiri. Nilifikiri, hii ni kazi yangu.

Kelele zilipopungua Shangazi alikuwa amesimama, analia na kucheka. Alimgeukia Baba.

"Mdogo wangu, nina bubuti."

Hata waliokuwa wakitafuna wakaacha.

"Kwangu ndizi zinaozea mgombani kwa kukosa mlaji. Maji yanamwagika tu. Mtoto huyu anajua kutoa yote, naye anakunywa chumvi. Nakuomba Tinai awe mwanangu."

Kulea mtoto wa ndugu si ajabu kwetu. Ukipita nyumba yoyote utamkuta mmoja aliyeombwa. Ioteba mwenyewe alilelewa na wasiomzaa. Lakini jambo hilo huanza kwa kunong'onezana faraghani, siku nyingi, ili mzazi apate nafasi ya kukohoa, yaani kukataa bila kusema hapana. Huku mbele ya wazee, baada ya mtoto mwenyewe kusema chukua yote, Baba angekohoa vipi? Alitazama mkeka.

"Ndiyo, dada," akasema.

Wazee wakaitikia. Wimbo ukaanza. Sikumwangalia Mama. Tinai alikuja nyuma ya nguzo, poda shingoni, akanivuta sketi.

"Mwalimu, nimekosea?"

Nikamwambia hapana. Nilikuwa bado nimeshika kadi.

Novemba 12

Mama amefua kile kitambaa, akakianika, akakikunja, akakirudisha sandukuni.

Kuna jambo la kuandika, nalo ni baya. Jana Shangazi aliposema nina bubuti, kabla hajataja jina, nilidhani ananiomba mimi. Moyo wangu ulishtuka kama mtu aliyeitwa. Alipotaja Tinai nilihuzunika, na chini ya huzuni palikuwa na kitu kingine kidogo, kama kokoto kiatuni. Sikujua kwamba nilitaka kuombwa.

Novemba 13

Somo: Mtakatifu Lusia. Hakuna aliyeuliza swali. Hata Bauro.

Novemba 17

Hakuna mvua. Kisima cha kanisa kimefungwa, maji yanagawiwa asubuhi tu.

Novemba 20

Leo nilifuatana na Shangazi kupokea maji. Njiani wanawake watatu walisimama kutusalimu, na wote watatu walikuwa wamevaa blauzi zake. Nilimtazama yeye: amebaki na moja, ile ile anayofua usiku na kuvaa asubuhi. Tangu afike nimekuwa nikiangalia anachochukua. Mkeka wa Mama uko kwa mke wa mgonjwa mmoja upande wa kusini. Kisu amempa mtu mwingine, naye amepewa nyavu, na nyavu zinatumiwa na Baba.

Haikunifanya nimpende. Ilinifanya nione kwamba sikuwa mwangalifu.

Novemba 24

Shangazi anamshonea Tinai magauni kwa mkono, chini ya mti wa mkadi nyuma ya nyumba. Nilikaa karibu kwa sababu hapana kivuli kingine. Aliongea bila kuinua macho. Kasema mumewe alitengeneza kitanda kidogo zamani, akakipaka rangi ya samawati, na sasa kuku wanataga juu yake. Kasema hajui kama Tinai atampenda. Kasema yeye mwenyewe aliogopa sana siku ile maneaba, na ndiyo sababu alisema kwa sauti kubwa.

Nikamwuliza, je, hakumwona Mama? Lilikuwa swali la kwanza kumwuliza tangu aje.

Alikata uzi kwa meno. "Nilimwona baada ya kusema," akasema. "Neno likishatoka, mwanangu, hata mimi silimiliki."

Novemba 30

Mama hali samaki. Anasema wana miba.

Desemba 4

Baba alikuwa juu ya mnazi asubuhi nzima, na wagema wetu wote huimba wakiwa juu. Leo hakuimba. Nilipompelekea chombo cha tembo nilimwuliza kama haiwezekani kumwambia Shangazi amwache Tinai. Akasema yeye akimrudia dada yake kumnyang'anya alichompa, hatakuwa na pa kukaa maneaba, wala watoto wake. Kisha akasema, taratibu, kwamba anayetoa hawezi kuomba alichokitoa. Mtu mwingine anaweza.

"Nani?" nikamwuliza.

"Mimi nimekwisha kunyamaza," akasema, akapanda mnazi mwingine.

Desemba 7

Mtakatifu Nikola, aliyetupa zawadi dirishani kwa siri. Watoto wamechukizwa naye. Mtu akikupa bila kuonekana, wamesema, utamwomba nani siku ukiwa na shida? Nadhani wana hoja.

Baadaye Ioteba alikaa nami akinoa kisu. Alisema kwamba tangu nizaliwe hajasikia nikimwomba mtu chumvi. Nikamwambia sipendi kusumbua watu. Akasema watu wanaona vingine. Wanaona nimefunga mlango kwa ndani.

"Tunapita, tunabisha, hatufunguliwi," akasema. "Ukiomba siku moja, binti, hiki kijiji kitaanguka chali."

Alicheka peke yake. Mimi nilienda nyumbani nikajaribu nyuma ya nyumba, mbele ya nguruwe. Shangazi, nina bubuti. Nguruwe alinitazama. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayezuia kupiga chafya.

Desemba 10

Meli imeonekana redioni, yaani wametangaza. Itafika tarehe kumi na nne au kumi na tano.

Tinai anauliza kama Butaritari kuna farasi.

Desemba 11

Sitaweza.

Desemba 12

Upepo umegeuka. Unatoka magharibi. Hakuna mvua bado.

Nimefikiria niombe nini. Nikimwomba Tinai mzima ni kumpora Shangazi mbele ya watu, na nimeona yale magauni. Nitaomba nusu: abaki kwetu mpaka apokee Komunyo ya Kwanza, kisha aende. Ni jambo la haki. Martino angekubali.

Desemba 13

Karamu ya kuaga. Maneaba, mikeka, samaki, ndizi za mwisho za Shangazi zimekaangwa. Tinai amekaa mbele kavaa gauni jipya la maua, nywele zimepakwa mafuta ya nazi, mikono magotini kama mgeni. Mama amekaa nyuma yake, karibu kumgusa.

Hotuba zilikwenda. Mzee mmoja alishukuru hali ya hewa, watu wakaguna. Nilingoja kila hotuba iwe ndefu zaidi. Ikafika mahali pakawa kimya na Ioteba akaangalia huku na huku kuona kama yupo mwenye neno, na macho yake yalinipita, yakarudi.

Nilisimama. Sijui miguu ilisimamaje. Nilianza kwa Kiingereza. Maneno mawili matatu, ya kuvuta pumzi, na watu wakatazamana. Kisha nikasema kwa lugha yetu.

"Shangazi, nina bubuti."

Kikapita kitu maneaba nzima, kama upepo kwenye makuti. Mtu alisema, "Nani huyo?" na mwenzake akamjibu, "Ni Teretia, yule bubu." Shangazi aliweka kikombe chini.

Hapo ndipo niliposahau yote niliyopanga. Komunyo, miaka, yote. Koo lilibakiwa na neno moja.

"Naomba nusu ya Tinai."

"Ya juu au ya chini?" Bauro akauliza, na babu yake akamfinya.

Walicheka, lakini kidogo, kwa sababu Shangazi hakucheka. Alimtazama Tinai, lile gauni, ile mikono magotini. Alimtazama Mama, kwa muda mrefu, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Niliona mkono wake ukinyoosha pindo la gauni la mtoto, pindo ambalo halikuwa limekunjika.

"Nusu nampaje mtu?" akasema mwisho. "Mimi si yule askari wenu wa farasi." Akavuta pumzi. "Chukua yote, mwanangu."

Akacheka kile kicheko chake, ila mara hii kiliishia kwenye nguzo, hakikutoka nje. Wazee wakaitikia. Mama alimvuta Tinai mapajani akaweka uso kwenye zile nywele za mafuta.

Niliketi. Mwanamke aliyekuwa kando yangu aliniwekea samaki kwenye sahani bila kusema kitu, kisha mwingine akaniwekea gimbi, mpaka sahani ikajaa.

Shangazi ameyaacha magauni yote.

Desemba 14

Asubuhi nilienda kisimani nikamkuta Shangazi amekaa ukingoni na ndoo tupu. Nilitaka kurudi. Akapigapiga kwa mkono jiwe la kando yake, niketi.

Aliniambia kwamba jana nilimwomba mbele ya watu wote, na yeye mwezi uliopita alifanya vivyo hivyo kwa Baba, na kwamba usiku amefikiri hilo si jambo zuri la kufanyiana. Akatazama pande zote mbili. Hapakuwa na mtu, kuku tu.

"Leo nakuomba tukiwa peke yetu," akasema. "Ukininyima hakuna atakayejua, na mimi sitasema. Nina bubuti. Njoo wewe."

Shule ya sekondari ipo kwao, akasema, na visima vyake ni vitamu. Kitanda ni kidogo, lakini mumewe ataongeza mbao. Aliendelea na mengine, sikuyasikia. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza, kama Baba, ila mimi sikudhani ni nyavu.

Nilimwambia Mama mwenyewe. Alikuwa anakuna nazi.

"Kwa hiyo nimepungukiwa vilevile," akasema.

Akakuna. Nilikaa nikaangalia nazi ikianguka bakulini. Baada ya muda akasema, bila kunitazama, "Lakini wewe umejibu kwa kinywa chako." Alisema hivyo kama mtu anayepima kitu mkononi kujua uzito wake. Sikumbuki kama amewahi kuniambia neno lililonikaa zaidi.

Desemba 15

Mke wa Ioteba amerudi na meli, jicho moja limefunikwa, la pili linaona. Nimempa kadi zote isipokuwa moja. Nilitaka kubaki na ya Martino, Tinai akaniambia ana bubuti. Basi anayo yeye.

Tunapanda kesho maji yakijaa.

Desemba 16

Naandika melini, chini ya turubai.

Ufukweni Mama alikuja na kitambaa chekundu na mkasi. Alikipima kwa macho, akakikunja mara moja, akakata kwenye mkunjo mpaka mwisho, pamoja na upindo wa harusi. Nusu akanitia begani. Nusu akaitia begani mwake. Tinai alitazama wa huku, akatazama wa kule.

"Sasa wote wawili mtasikia baridi," akasema.

Baba alinibeba mpaka kwenye mashua kana kwamba mimi ndiye mwenye miaka sita, ingawa maji yalimfika magotini tu. Bauro alikimbia kando ya maji akilia kama farasi.

Kisiwa kilikuwa bado kinaonekana mvua ilipoanza. Ilitoka magharibi kama ukuta, ikapita juu yao kwanza. Niliona minazi ikipotea mmoja mmoja, nikafikiria tangi, kisima, Mama akitoa ndoo zote nje. Kisha ikatufikia. Turubai inavuja. Upepo wa mvua hii ni baridi kweli, sijawahi kuusikia hivi. Huenda nisingeshindwa tena kueleza theluji ya ile kadi.

Shangazi anaumwa na bahari. Amekaa ameegemea gunia la nazi kavu, blauzi yake ya pekee imemgandia mwilini, midomo imepauka, jino la dhahabu halionekani. Mwanamke huyu ambaye huomba kila kitu kwa kila mtu ametazama sakafu tangu tuondoke, na mabega yake yanatetemeka. Nilingoja aseme ana bubuti. Kitambaa kilikuwa begani mwangu, anakiona. Hakusema.

Nilikivua nikamfunika. Hakimtoshi, mgongo umebaki nje, basi nimesogea nikauziba kwa upande wangu. Naandika kwa mkono mmoja.

Tukifika nitamwandikia Bauro. Aliuliza askari alijuaje kwamba maskini anataka.